Gari la Baba Linalia

Kebirigo,
Jumapili, 4 Mei 2025

Shangazi Mong'ina,

Hili sijamwambia mtu yeyote, wala Mama, wala Mungu kwa sauti: kelele iliyo kwenye gari la Baba ni mimi niliyeileta.

Najua barua huanza na salamu. Mwalimu wetu wa Kiswahili angenikata alama mbili hapo hapo. Lakini ningeanza na salamu ningemaliza na salamu, najijua. Sasa nimeshaandika, kwa hivyo bwakire, Shangazi. Hujambo huko Nyamarambe? Sisi ni wazima. Mama anakohoa kidogo kwa sababu ya ukungu wa asubuhi kwenye majani chai. Ng'ombe amezaa dume na Baba amenuna siku mbili. Mimi niko Kidato cha Tatu na bado nikiulizwa swali darasani sauti inakwama kooni. Asante tena kwa zawadi uliyonipa Desemba, siku ya arusi kule Kisii mjini.

Sasa gari. Unajua Baba ni mzee wa kanisa, na gari letu limefungwa zile spika mbili za pembe juu ya paa. Ndilo linalotangaza mazishi huku kwetu, na mwezi wa nane linatangaza mikutano ya makambi ya kanisa. Vyombo vyote vilifungwa na Ogoti mwezi wa kwanza, alipomaliza kozi yake: redio mbele, amplifaya ya kukuza sauti chini ya kiti cha nyuma. Sauti ilikuwa safi hata Baba akasimama mbele ya kanisa akasema, "Makambi ya mwaka huu sauti ni ya mwanangu." Nyumbani akaongeza kwamba makambi yakiisha vizuri atamjengea Ogoti kibanda cha ufundi hapo sokoni. Kaka yangu alitabasamu wiki nzima, na wewe unajua Ogoti si mtu wa meno nje.

Kisha mwezi wa tatu ikaanza. Wiii. Baba akienda polepole inalia chini, akikanyaga mafuta inapanda wiiiii mpaka meno yanauma. Juzi alikuwa anatangaza msiba, anapanda mlima, "Tunasikitika kuwajulisha," na pembe zinalia juu ya maneno yake. Mama mmoja kando ya barabara akashika kichwa: "Uuuwi, hata gari linalia!" Watu wakacheka, na ni msiba. Baba hakucheka. Tangu siku hiyo Ogoti haitwi Ogoti, anaitwa fundi wa kelele. Kila jioni mezani. "Fundi wa kelele, nipe chumvi." Na ameapa kwamba makambi yakifika kelele ikiwa bado ipo, hakuna kibanda. Ogoti anakula akitazama sahani.

Na ni mimi, Shangazi. Nilifanya nini, sitasema. Niambie tu namna ya kuiondoa, nitaiondoa kimyakimya, Ogoti apewe kibanda chake, na mambo yaishe hapo. Wewe ndiwe fundi wa redio pekee ninayemjua ambaye hatamwambia Baba, kwa kuwa hamsemezani. Kwa nini lakini hamsemezani?

Tafadhali usipige simu. Simu ni ya Baba, na meseji zote anazisoma kwa sauti tukila. Barua nampa Millicent wa mitumba, kwa kuwa soko la Kebirigo anakuja na la Nyamarambe anakwenda.

Mwana wa ndugu yako,
Persis


Nyamarambe,
Jumanne, 13 Mei 2025

Persis mwanangu,

Bwakire buya. Barua yako ilifika ndani ya sweta ya mtoto, na nusura Millicent aiuze pamoja na sweta. Huku mvua haijui kupumzika. Kibanda changu kinavuja, tena kinavujia upande wa redio zilizopona. Upande wa zilizokufa ni mkavu kabisa, nieleze hiyo. Magoti yananiuma lakini mikono mizima. Msalimie mama yako, mwambie anywe maji ya tangawizi. Baba yako usimsalimie, atauliza salamu zimepita njia gani.

Sasa wewe. "Ni mimi niliyeileta, lakini nilifanya nini, sitasema." Mtoto huyu! Watu wananiletea redio imekufa, nauliza, ilianguka? Hapana. Ilinyeshewa? Hapana. Mtoto alimwaga uji? Hapana, mama, ilinyamaza yenyewe tu. Naifungua, namkuta mende amelala kwenye uji. Miaka ishirini na tano nimefanya kazi hii na sijaona redio iliyonyamaza yenyewe tu. Nilidhani damu yangu ina akili kuliko wateja wangu.

Haya. Ukikataa kusema, gari litasema. Lakini utafanya ninavyokuambia, kitu kimoja kimoja. Marehemu mume wangu Jeconia, aliyenifundisha kazi hii, alikuwa akiniambia kwamba fundi anayebadilisha vitu viwili kwa mpigo hatajua kamwe ni kipi kilichokuwa kigonjwa.

Kwanza, sikiliza redio ikicheza injini ikiwa imezimwa. Kelele ipo? Pili, sikiliza injini ikiwaka. Inapanda na mafuta? Hilo umeshalisema, lakini sikiliza tena, ulikuwa unalia ukiandika. Tatu, shusha sauti ya redio mpaka sifuri huku injini inaunguruma. Kelele inashuka pamoja nayo au inabaki palepale? Usiguse waya wowote. Masikio tu.

Na lile swali lako la mwisho ni la watu wazima.

Shangazi yako,
Mong'ina


Kebirigo,
Jumapili, 25 Mei 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kibanda kimeacha kuvuja. Huku Mama amepona kikohozi, ila sasa amenipa mimi. Mtihani wa katikati ya muhula nimefanya, Hesabu imenishinda kama kawaida.

Nimesikiliza. Injini ikizimwa ni kimya kabisa, kama kanisa kabla watu hawajaingia. Injini ikiwaka, wiii. Hiyo ya tatu ndiyo ilinitesa. Ilibidi niwe ndani ya gari Baba akiendesha na niguse redio yake. Tulikuwa tunarudi kutoka kituo cha majani chai. Nikahesabu mpaka ishirini, nikasema, "Baba, naomba nipunguze sauti." Akanitazama kwenye kioo hata nikadhani tutaingia mtaroni. "Umepata ulimi?" Nikapunguza mpaka sifuri. Kwaya ikanyamaza, kelele ikabaki palepale, haikushuka hata kidogo. Ni kama ilikuwa inangoja kwaya iondoke.

Lakini kuna habari mbaya. Baba amempelekea gari fundi mmoja wa mjini anaitwa Onchiri, anayevaa ovaroli safi. (Hiyo ndiyo ingenitia wasiwasi mimi, fundi ambaye hachafuki.) Onchiri aliinua kiti cha nyuma akamulika na tochi, na mimi nimesimama pale na moyo umefika kwenye masikio. Akasema, "Huku kijana wenu amefanya kazi nzuri, hakuna shida." Akarudisha kiti. Kisha akasema redio ndiyo mbovu, akafunga mpya. Tukarudi nyumbani na redio mpya na kelele ileile. Ogoti akamwambia Baba polepole, "Redio haikuwa na shida. Niache niangalie nyuma." Baba akamwambia, "Wewe umeangalia ya kutosha." Akamnyang'anya ufunguo. Sasa Ogoti hana ruhusa ya kufungua hata mlango wa gari.

Mimi ninayo, kwa kuwa naliosha kila Ijumaa kabla ya Sabato.

Persis


Nyamarambe,
Jumanne, 3 Juni 2025

Persis,

Hatujambo, mimi na magoti yangu. Paa nimeziba kwa karatasi ya nailoni. Ndizi zimekomaa zote kwa pamoja kama watu wasiosikilizana, nimegawa mpaka majirani wananikwepa.

Nimesoma habari ya redio mpya nikaweka bisibisi chini nikatembea mpaka barabarani na kurudi. Kelele haishuki sauti ikiwa sifuri! Hiyo maana yake redio haina hatia! Kinacholia kiko nyuma ya redio, kwenye amplifaya au kwenye njia ya kwenda huko. Mtoto wa Kidato cha Tatu amegundua hilo kwa masikio mawili na kidole kimoja, na mwenye ovaroli hajagundua. Na ndugu yangu atamwamini mwenye ovaroli. Alikuwa hivyo hata akiwa mdogo, akiona mtu amechomekea shati anamwita mwalimu.

Ijumaa ukiosha gari, inua kiti. Kwenye amplifaya utaona waya mbili nyembamba zinazotoka mbele kwenye redio, zina vichwa vya kuchomeka, kimoja chekundu na kingine cheupe. Hizo huleta sauti. Washa redio, kisha zichomoe zote mbili, uangalie kinachotokea. Angalia pia taa ndogo ya amplifaya. Kisha urudishe, uniandikie. Usirekebishe kitu.

Na kuna jambo umelipitia kama paka anavyopita karibu na maji. Chini ya kiti kuna nini, hata tochi ya Onchiri ikakupandisha moyo masikioni?

Mong'ina


Kebirigo,
Jumapili, 15 Juni 2025

Shangazi,

Shikamoo. Naandika haraka. Wote wako shambani na mimi nimesema tumbo linauma.

Onchiri amebadilisha altaneta, ile ya kwenye injini inayozalisha umeme wa gari. Alisema kelele ikipanda na mafuta basi mwenye makosa ni altaneta. Mama alikwenda kukata majani ya ng'ombe saa za chakula. Altaneta mpya, kelele ya zamani. Baba aliliendesha kutoka mjini mpaka nyumbani. Alipofika akamkuta Ogoti amekaa kwenye ngazi akamwambia, "Umefurahi?"

Ogoti ameondoka, Shangazi. Jumanne. Amekwenda Nyansiongo, kukama ng'ombe za mtu. Baba ndiye aliyempangia. Alisema, "Huko ng'ombe hawana waya, huwezi kuwaharibu." Mama alimfungia mboga ya chinsaga kwenye mkebe, akausahau mezani, na hakuna aliyetaka kuugusa mpaka ukachacha. Pale getini Ogoti akaniambia kitu kimoja tu: "Persis, wewe endelea kuvaa soksi." Akaenda.

Anajua. Alijua siku zote. Hakusema.

Nilifanya ulichoniambia. Nilipochomoa zile waya mbili pembe zilinyamaza, lakini si pembe tu. Taa ya amplifaya ilizimika. Yote ilikufa. Nikarudisha, ikawaka. Nikachomoa, ikazimika. Nilifanya mara nne. Hizo si za kuleta sauti tu? Kwa nini zikitoka kila kitu kinakufa?

Chini ya kiti kuna

Nasikia gambuti za Baba zikikanyaga uani. Naiweka hii ndani ya kitabu cha


Nyamarambe,
Jumatano, 9 Julai 2025

Persis,

U mzima? Mimi mzima.

Millicent alipita hapa mara tatu, mara zote nikamwambia sijamaliza. Hakukuwa na kitu nilichokuwa nimeanza. Neno Nyansiongo nilisoma, nikakunja barua, nikaiweka chini ya redio ya mteja. Mteja alikuja kuichukua redio yake na nusura aende na vyote viwili.

Nijibu ulichouliza. Amplifaya inapokea umeme kwa waya mwekundu mnene na inaurudisha kwa waya mweusi mnene, uliofungwa kwa nati kwenye bodi ya gari. Huo mweusi ndio njia ya kurudi nyumbani. Ikizibwa, umeme hutafuta mahali pengine pa kupita, na wa gari lenu umepita kwenye ganda la zile waya nyembamba za sauti, na kila kilio cha injini kikapita nao mpaka kwenye pembe. Ndiyo maana ukizichomoa amplifaya inakufa. Ilikuwa imebakiwa na mlango wa jirani tu.

Kwa hivyo kati ya waya mweusi na bodi kuna kitu. Onchiri alikimulika akakiona ni kizuri. Ni kitu gani kizuri kinachozuia umeme? Ninacho hapa mezani. Napaka kwenye viungo vya waya ili visigusane. Ni chekundu, kina brashi ndogo kwenye kifuniko. Mwenzake nilikupa wewe kwenye arusi.

Chupa iko wapi, Persis?

Fungua nati. Kwangua kwa kisu kisha kwa msasa mpaka chuma king'ae kama kijiko, na kile kipete kilicho mwisho wa waya pia, pande zote mbili. Funga, kaza.

M.


Kebirigo,
Jumapili, 20 Julai 2025

Shangazi,

Shikamoo. Mahindi yamebeba. Mama hajambo, ila haimbi tena akisonga obokima. Hizo ndizo salamu.

Chupa imeisha. Nitakuambia yote, usinikatize.

Kila Jumapili wakiwa kwenye majani chai, mimi nilikuwa naingia kiti cha nyuma cha gari na kupaka kucha za miguu. Za miguu tu. Mtu wa nyumba ya mzee wa kanisa hawezi kupaka za mikono. Nilikuwa naangalia vidole kumi vyekundu kwa nusu saa, halafu navaa soksi, na wiki nzima shuleni nikiogopa kujibu swali nilikuwa nakunja vidole ndani ya viatu na kujua viko. Nilikuwa nikisema neno moja moja darasani kwa sababu ya vidole hivyo. Sijui kama unaelewa.

Chupa niliificha chini ya kiti, kando ya ile nati. Mwezi wa tatu kifuniko kikalegea ikamwagika yote pale. Nikachukua spana ya Ogoti nikafungua nati ili nipanguse chini yake. Kitambaa kikajaa rangi. Nikasikia watu wanarudi, nikafunga nati ikiwa bado mbichi. Kesho yake nikaona imekauka vibaya, ina mabaka, mtu yeyote angejua ni kitu kimemwagika. Kwa hivyo nikafungua tena, na kilichobaki kwenye chupa nikapaka vizuri, chini ya nati, juu ya nati, kile kipete cha waya, yote, mara tatu, kama kucha. Ili ionekane imekusudiwa. Nilijivunia, Shangazi! Na ndiyo hiyo Onchiri akamwambia Baba ni rangi ya kuzuia kutu ya fundi mzuri.

Juzi Ijumaa nimekwangua. Ilichukua saa nzima, na povu la sabuni limekaukia kwenye gari. Nilipokaza nati na Baba akawasha, nikangoja. Hakuna wiii. Akakanyaga mafuta. Hakuna. Akazima, akawasha tena. Akatoka akasimama ameshika mlango.

Unadhani sasa yameisha? Mimi nilidhani. Jana kanisani Baba alisimama akasema, "Namshukuru Mungu aliyebariki mikono ya Onchiri. Wakati mwingine dawa huchukua muda kufanya kazi." Altaneta ya mwezi wa sita, Shangazi! Dawa gani hiyo! Watu wakasema amina. Akatangaza kwamba sauti ya makambi amempa Onchiri. Na Mama alipomuuliza nyumbani kuhusu Ogoti, akasema, "Si umeona alipoacha kuligusa likapona?"

Nilitengeneza kwa mikono yangu na nimemmaliza Ogoti kabisa. Kelele ikiwapo angalau kulikuwa na shaka.

Tafadhali mwandikie Baba wewe. Sema ulisikia kwa watu kuhusu kelele, sema ni vumbi, sema nati zote hulegea kwa barabara zetu, sema Ogoti hana makosa. Wewe ni dada yake mkubwa na ni fundi. Mimi nikijaribu kusema sauti haitatoka. Si nimekuambia nilipata kusema kwa kujua kucha ziko, na sasa hata kucha hazina kitu.

Persis


Nyamarambe,
Jumanne, 29 Julai 2025

Mwanangu Persis,

Bwakire. Mvua imekatika, vumbi limeanza, wateja wamehama kutoka redio zilizolowa hadi redio zilizoziba. Nimekula, nimelala, ni mzima.

Nimecheka mpaka mpita njia akachungulia. Mara tatu, kama kucha! Kisha sikucheka tena.

Sitasema ni vumbi. Kaa chini usome hii polepole, ndilo jibu la swali la watu wazima.

Baba yetu, babu yako usiyemjua, alikuwa na redio moja. Alikaa nayo jioni kama mgeni wa heshima. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitano, nikataka kujua mtu anayesema ndani amekaa wapi. Siku moja walikuwa shambani nikaifungua. Nikagusa nisipopaswa, ikatoa moshi, ikanyamaza. Nikairudisha nikakimbilia mtoni na mtungi, ingawa maji yalikuwepo. Baba yako alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alirudi kutoka shuleni, akaona bisibisi sakafuni, na kwa kuwa alikuwa mtoto wa kupanga vitu akaiokota airudishe mahali pake. Mzee akaingia akamkuta ameishika.

Nilirudi na maji. Nikaona. Nikamimina maji kwenye chungu.

Aliondolewa shule mwaka mzima akapelekwa kuchunga ng'ombe. Unajua wapi. Huko huko alikompeleka mwanawe. Sijui kama alikumbuka alipokuwa anasema lile neno Nyansiongo, au kama ni mdomo tu uliokumbuka. Alirudi amekuwa mtu wa kuamini wenye mashati yaliyochomekwa. Na mimi nikaolewa na fundi wa redio nikawa fundi, na kila akiniona na bisibisi anapita njia nyingine. Hajaniuliza hata siku moja, na mimi sijasema hata siku moja. Miaka thelathini na tano. Nimerekebisha redio za wilaya nzima, Persis, sijarekebisha ile.

Nilikuwa nakukasirikia kwenye barua zote hizi, ukinificha. Ni mimi niliyekuwa najikasirikia, lakini wewe ndiye uliyekuwa karibu.

Ndani ya bahasha hii kuna nyingine, imefungwa, ina jina lake. Nimemwandikia la redio tu. La gari sikuligusa, hilo ni lako. Mpe yangu kwanza kama itakusaidia. Nikutangulie mimi mkubwa. Au mpe lako kwanza. Lakini usikae mpaka uwe na kibanda na magoti mabovu.

Ukiogopa sauti haitatoka, si una barua zangu zote. Na zako mimi ninazo, hizi hapa, nakurudishia. Karatasi haina koo la kukwama.

Shangazi yako,
Mong'ina


Kebirigo,
Jumapili, 3 Agosti 2025

Shangazi Mong'ina,

Bwakire, na shikamoo, na salamu zote unazonidai tangu ile barua ya kwanza. Shule zimefungwa Ijumaa. Hesabu nimepata alama za aibu, Kiswahili nimeongoza. Mama hajambo. Yule ndama dume ameanza kupiga watu kichwa.

Barua yako nilimpa Baba jana jioni, jua lilipozama na Sabato ikaisha. Nilimwekea kando ya kikombe. Akaona mwandiko, akaigeuza bahasha juu chini, akaenda nayo nje, akakaa ndani ya gari, mlango wazi, mguu mmoja chini. Alikaa sana. Mama akasema, "Kuna nini kwenye hiyo barua?" nikasema sijui, na huo ndio uongo wa mwisho, nimeuhesabu. Aliporudi hakusoma kwa sauti. Ni mara ya kwanza. Aliikunja ndogo akaitia mfuko wa shati. Akala. Akasema, "Nipe chumvi," akitazama pale Ogoti alipokuwa anakaa, na hapakuwa na mtu wa kumpa, ikabidi aifuate mwenyewe.

Asubuhi hii hakwenda kwenye majani chai. Nimemsikia nyuma ya nyumba anainua kiti cha gari. Nimechungulia dirishani. Amepiga magoti pale, amevua miwani, anapapasa ile nati kwa kidole. Imebaki chembe nyekundu pembeni ambayo msasa haukufika. Ameikwangua kwa ukucha, akautazama ukucha wake.

Mimi niko mezani. Barua zote nimezipanga kwa tarehe, zako na zangu, ya tarehe nne Mei juu kabisa. Nimevua soksi. Kucha ni tupu, lakini nimevua. Nimejaribu kusema "Baba" mara kadhaa hapa chumbani na mara mbili imetoka.

Nataka kumwomba kitu kimoja tu, aende mwenyewe Nyansiongo kumchukua Ogoti kabla ya makambi, na amwambie Onchiri asante inatosha. Kama atanipiga, atanipiga. Kama atanipeleka mimi nikakame, nitakama. Lakini Ogoti arudi na

Mlango wa gari umefungwa. Gambuti hizo, zimepita kisimani, zimefika ngazini. Shangazi, kitabu cha Hesabu kiko hapa mkononi, kile ninachofunikia barua kila siku.

Nimekiweka sakafuni.